Daftari la Maji Yako

Miaka kumi na tisa nimeandika maziwa ya watu
pale ushirika, Bahati, kabla ya mapambazuko:
jina, lita, sahihi. Na yule aliyeongeza maji
nilimjua kabla hajashusha mtungi.
Sasa naandika maji yako, Kerubo.
Jagi la plastiki lenye mistari,
daftari la kurasa tisini na sita,
kalamu imefungwa uzi kwenye msumari wa choo.
Saa nane usiku: mililita mia mbili na hamsini.
Naliinua jagi kwenye mwanga wa balbu
kama mtu aliyepokea mgeni wa mbali.

Miaka miwili ya mashine hukutoa hata tone.
Tulikuhesabia vikombe, ukamung'unya barafu,
kiu ikikaa nasi mezani kama shemeji asiyeaga.

Figo ni la Nyamweya, kaka yako,
yule aliyeuza ndama wako mwaka wa ukame akanyamaza.
Mlinuniana misiba mitatu mizima.
Halafu akaja amevaa shati lake la Sabato,
akasema, "Nipimeni mimi kwanza."
Ndama hakumtaja. Nawe hukumtaja.
Ila kuna usiku nakusikia, kiganja juu ya kovu,
chini, upande wa kulia, unanong'ona:
"Wewe ndama, tulia humo."

Hakuna aliyeniambia kwamba uso wako utaviringa,
kwamba mikono itatetemeka hadi chai imwagike,
kwamba utanitukana kwa ajili ya chumvi
kisha ulie kwa kuwa umenitukana,
nami nisimame na mwiko, sina la kusema.
Jogoo nimempa jirani, na kuku wote.
Madirisha nimeyaziba; vumbi la Nakuru
hupenya hata pale neno lisipopenya.
Dada zako husalimia kutoka langoni,
wamebeba ndizi na maombi.
Ndizi naziosha, namenya, naosha tena mikono.
Maombi nayaacha yaingie bila kunawa.

Nilipata kikohozi, nikahamia sebuleni.
Ukuta kati yetu. Nagonga mara mbili,
unagonga mara moja. Mara moja maana yake: nipo.

Jumanne hukugonga.

Kipimajoto: thelathini na nane nukta sita.
Nikachukua pikapu ya ushirika, barakoa usoni,
mitungi mitupu ikipiga kelele nyuma kama matanga,
Timboroa ukungu ukatumeza, taa zisione kitu,
nawe ndani ya blanketi ukaniuliza:
"Umeandika ya saa nne?"
Sikuwa nimeandika.

Siku sita Eldoret. Figo lilikasirika,
wakalibembeleza kwa dawa za mshipani.
Mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji
nikalia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa.
Sitasema nilikuwa jasiri. Kuna saa nilitamani
mtu yeyote aje, alichukue hili daftari,
anipe usingizi tu, hata wa kuibwa.

Tukarudi. Vidonge saa mbili na saa mbili.
Maziwa yachemke mpaka yachoke.
Nikaandika, nikaandika.

Leo nimeamka jua liko kifuani.
Nimeruka, nimekimbilia msumari, miguu mitupu.
Ukurasa wa arobaini na moja, mwandiko si wangu;
tarakimu zinayumba kama zimeandikwa garini:
saa nane, mia tatu.
Saa kumi na moja, mia tatu na hamsini.
Na pembeni, kwenye safu ya maoni
ambayo sijawahi kuijaza tangu siku ya kwanza:

*Karani amelala. Asiamshwe.*